Wikendi za kutembea ukiwa kwenye mazoezi ya kufundisha Tanga: niache au niendelee?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa ualimu kutoka Mbarara, Uganda. Masomo yangu ni Kiswahili na Historia. Nimeletwa Tanga kwa mazoezi ya kufundisha ya wiki nane, nimeanza mapema Julai, na sasa niko wiki ya tatu. Hapa ninapokaa nimepata marafiki wanne: walimu wanafunzi wawili kutoka Iringa, msichana wa Kijerumani anayejitolea, na kijana mmoja mwenyeji. Kila wikendi wanataka tutembee. Tumeshaenda mapango ya Amboni, tumelala Pangani, na sasa wanapanga kisiwa cha Maziwe, baadaye Lushoto milimani na hifadhi ya Saadani. Ninawapenda na ninafurahi sana. Lakini tulipotoka Pangani tulifika saa nne usiku siku ya Jumapili, Jumatatu nikafundisha vibaya, na mwalimu anayenilea akaniuliza mbele ya wenzake kama nimekuja kufundisha au kutembea. Fedha zangu ni kidogo, na Mjerumani ameshanilipia mara mbili. Tena sijui kuogelea, na nimeona haya kuwaambia. Je, niache safari hizi mpaka nimalize mazoezi, au kuna namna?"

Marahaba, mwanangu, na karibu Tanga. Nimekusoma mara mbili. Umeuliza kitu kimoja, lakini ndani yake kuna Jumatatu iliyoharibika, deni ambalo hakuna anayelitaja, na hofu ya maji uliyoificha. Kila kimoja kina dawa yake, na kuacha kutembea hakutibu hata kimoja. Nimesimamia walimu wanafunzi katika mkoa huu kwa miaka mingi, na kabla ya hapo niliwahi kuwa mmoja wao. Kwa hiyo nasema mapema: endelea kutembea. Ila namna mnavyotembea sasa inabidi ibadilike, na ibadilike kuanzia wikendi hii.

Kwanza tuiweke sawa ile lawama. Unaamini Pangani ndiyo iliyokuharibia kipindi. Mimi naamini kiliharibika Ijumaa, ulipofunga begi bila kuandaa Jumatatu. Mwalimu mwenye miaka kumi kazini anaweza kuingia darasani na andalio la somo la mistari michache, kwa kuwa kichwani tayari anazo njia tano za kueleza jambo moja, na anajua hasa ni wapi wanafunzi watajikwaa. Wewe bado hujazipata njia hizo. Unalazimika kuzitafuta moja moja, mezani, akili ikiwa bado na nguvu: mfano upi utangulie, nini kiandikwe ubaoni, swali lipi litamtoa kimya yule wa dawati la nyuma. Kazi hiyo ni ya kuchagua, na mtu aliyeshuka garini saa nne usiku hana tena nguvu ya kuchagua. Anachoweza ni kunakili kitabu. Asubuhi anasoma alichonakili, wanafunzi wanaona, na mwalimu mlezi aliyekaa nyuma anaona zaidi.

Yalinikuta. Nikiwa kwenye mazoezi nilitembea wikendi moja, nikarudi na basi la alfajiri ya Jumatatu. Nikaingia Kidato cha Pili na vumbi kwenye viatu, nikafundisha kwa dakika kumi na tano kwa kujiamini kabisa. Msichana mmoja akanyoosha kidole, akasema taratibu, "Mwalimu, hii ulitufundisha Alhamisi." Hakuna aliyecheka, na kule kutocheka kuliniumiza kuliko kicheko. Tangu siku ile sijawahi kumwambia mwanafunzi wangu yeyote wa ualimu asitembee. Ninachomuuliza ni kimoja: Jumatatu yako iko wapi?

Jumatatu yako iwe mezani Ijumaa jioni. Shule nyingi hapa Tanga hupunguza vipindi siku ya Ijumaa kwa ajili ya swala, mchana unapata nafasi. Usiende moja kwa moja unapokaa kupanga safari. Kaa ofisi ya walimu kwa muda wa saa mbili, maliza maandalio ya Jumatatu na Jumanne, tengeneza zana zako, saini zako zote ziwepo. Kisha wekeni saa ya kurudi kabla ya kuweka saa ya kuondoka: Jumapili kabla ya magharibi uwe umeshaoga na nguo za Jumatatu zimenyooka. Safari isiyowezekana kurudi kwa saa hiyo ipelekwe siku nyingine. Hiyo peke yake ingeiokoa Jumatatu ile.

Sasa niseme kwa nini wewe, hasa wewe, usijifungie. Unafundisha Kiswahili kwa watoto waliozaliwa nacho. Hiyo ni kazi tofauti na utakayoifanya Mbarara. Tangu baraza la mawaziri la Uganda lilipopitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, Julai 2022, walimu kama wewe mnahitajika mno kwenu, na sarufi mnaijua vizuri. Nimewaona wanafunzi wa ualimu kutoka nje wanaochambua ngeli kuliko wenyeji. Lakini mtoto wa Tanga anaisikia lugha kabla hajaijua. Ukimwambia sentensi isiyokaa vizuri, hatakwambia kanuni, atakutazama tu. Sikio la namna hiyo kitabuni halimo. Liko kwenye daladala, kwenye foleni ya pantoni, kwa mama anayeuza samaki pale Deep Sea, kwa nahodha anayepiga kelele "legeza demani!" huku wewe hujui demani ni kitu gani. Ni kamba ya kuongozea tanga. Jioni moja ufukweni utajifunza majina ya sehemu za chombo, demani, mrengu, foromali na ngama, tena ukivishika kwa mkono. Na kama darasani una mtoto wa mvuvi aliyenyamaza wiki tatu, tamka "mrengu wa ngalawa" katika mfano wako uone anavyoinua uso.

Kwa hiyo swali la mwalimu wako mlezi, kama umekuja kufundisha au kutembea, lina jibu zuri. Nitalirudia mwishoni.

Tuje kwenye Maziwe, maana hapo ndipo nina wasiwasi na mpango wenu. Umeandika kwamba "wanapanga" lakini hukutaja tarehe ya mwezi. Namaanisha mwezi wa angani. Maziwe ni fungu la mchanga baharini upande wa Pangani na Ushongo. Wazee wanakumbuka kikiwa kisiwa kamili chenye mivinje, na kasa wakipanda kutaga. Miti ikaisha, mchanga ukaliwa na mawimbi, na leo maji yakijaa fungu zima hufunikwa. Kasa bado wanapanda, basi wahifadhi huyahamisha mayai hadi ufukwe wa bara ili yasizame. Maana yake kwenu ni kwamba mtakanyaga mchanga kwa saa chache tu ambazo maji yamekupwa. Ukikosea siku, utalipia boti uende kutazama maji.

Utaratibu wake ni huu, na ukiuelewa utakufaa pwani yote. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kama saa sita kutoka kujaa hadi kupwa, na kila siku yanachelewa kwa takriban dakika hamsini kuliko jana. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja. Hayo ndiyo maji ya bamvua: yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ikipita mita tatu hapa Tanga. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hupingana, nayo ni maji mafu, yenye tofauti ndogo. Fungu la mchanga huonekana vizuri wakati wa bamvua. Wakati wa maji mafu huweza kuchungulia kidogo tu.

Na kuna jambo ambalo wageni hawaambiwi. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kama saa nne asubuhi. Siku za maji mafu hupwa kama saa kumi jioni. Upo hapa Julai na Agosti, wakati wa kusi, upepo wa kusini, ambapo bahari huamka na utulivu wake lakini mchana upepo hupanda na mawimbi pamoja nao. Weka mambo hayo pamoja. Wikendi ya bamvua mnaondoka asubuhi bahari ikiwa tulivu, mnakuta mchanga mkavu, na mnarudi kabla upepo haujakomaa. Wikendi ya maji mafu mnasubiri mchanga hadi jioni, mnarudi giza linaingia na mawimbi yamesimama. Ni kisiwa kile kile na boti ile ile, ila hizo ni safari mbili tofauti kabisa, na ya pili nisingempeleka mwanangu.

Huhitaji simu kulijua hili. Angalia kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu, hapa Tanga ipo karibu kila duka. Karibu na tarehe mosi na tarehe kumi na tano ni bamvua. Karibu na saba, nane, na ishirini na mbili ni maji mafu. Halafu mwulize nahodha, kwa sababu yeye anayajua maji ya mahali pake kuliko kanuni yoyote. Na kwa kuwa bamvua hurudi kila baada ya wiki mbili, utagundua kwamba wikendi moja inafaa kwa bahari na inayofuata haifai. Hapo una ratiba ambayo hakuna rafiki atakayeibishia: wikendi moja mnatoka, wikendi moja mnabaki mjini.

Kuhusu kutojua kuogelea: waambie leo. Usingoje ufukweni, ambako boti imeshalipiwa na kila mtu ameshavua viatu. Hakuna aibu hapo. Wapo watu wa pwani hii waliozeeka bila kujua kuogelea. Asiyejua kuogelea anaweza kwenda Maziwe salama, ila masharti yake hayana mjadala. Jaketi la kujiokolea ulivae kabla boti haijasukumwa, ulifunge, kisha mwenzako alivute juu kwa mabega. Likikupanda hadi masikioni ni kubwa kwako, omba jingine. Kama hakuna jingine, hiyo ni ishara ya kurudi nyumbani. Hesabu watu na hesabu jaketi kwa macho yako. Nahodha akisema leo bahari mbaya, mshukuru na msimbembeleze. Na nahodha anayekubali kila kitu mnachomwambia, mwogopeni. Kisiwani hakuna kivuli hata cha mti mmoja, chukueni maji ya kutosha, kofia na khanga ya kujifunika, na viatu vya mpira vya kufunga, maana mwambani kuna wale viumbe wa miiba mirefu myeusi na mwiba wake hukaa mguuni siku nyingi. Maji yakianza kugeuka, nahodha akiita, mnakwenda. Picha ya mwisho isicheleweshe boti.

Wikendi ya kubaki mjini isikusikitishe. Kwa mwalimu wa Historia na Kiswahili, vitu bora vya Tanga viko karibu na ni rahisi. Ningekuwa wewe, Jumamosi ya kwanza ya maji mafu ningepanda gari za kuelekea Pangani na kushuka Tongoni, chini ya kilomita ishirini kusini mwa jiji. Hapo pana magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya arobaini, mengi yakiwa yamejengewa minara, na ni sehemu chache sana za pwani ya Afrika Mashariki zenye makaburi ya minara mengi namna hiyo pamoja. Usipite haraka. Sogelea mnara mmoja uangalie ukuta wake wa chokaa na matumbawe, utaona vishimo vya mviringo, saizi ya bakuli. Ndani yake yalipachikwa mabakuli na sahani za kauri zilizotoka ng'ambo ya bahari, nyingine Uchina. Vyombo havipo, lakini alama ya duara imebaki, na ukiweka kiganja chako ndani kinaenea. Simama hapo dakika tano, halafu rudi ukafundishe biashara ya Bahari ya Hindi. Hutahitaji kusoma kitabu kwa sauti.

Mahali hapo paliitwa Mtang'ata, na lahaja ya Kiswahili ya sehemu hizo ndiyo Kimtang'ata unayoisoma kwenye orodha za lahaja. Wasikilize wazee wakizungumza, uombe ruhusa kabla ya kurekodi. Katika maji ya hapo hapo, Aprili 1498, meli ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama kwenye fungu, ikanasuka maji yalipojaa. Januari 1499 akirudi kutoka India aliichoma moto, kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha meli zote. Mwanafunzi uliyemfundisha kujaa na kupwa kwa maji ataielewa habari ile kwa namna ambayo tarehe peke yake haimpi. Upande huo huo wa kusini kuna Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Mwalimu wa Kiswahili aliyekaa wiki nane Tanga bila kufika huko atajuta akishavuka mpaka.

Na Pangani mliyolala, je, uliitumia? Abushiri bin Salim aliongoza upinzani dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888, na alinyongwa pale pale Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Umeutembea mji huo, umevuka mto kwa pantoni, umeiona ile mitaa. Mada ya upinzani dhidi ya ukoloni ikifika, una kitu ambacho wenzako wengi hawana.

Lushoto ningeiahirisha. Kutoka Tanga unapita Muheza, Korogwe, hadi Mombo, kisha unapanda kwa kona nyingi kupitia Soni. Kwenda na kurudi vinakula sehemu kubwa ya siku mbili, na Jumapili jioni gari likikosekana Mombo, hadithi ya Pangani inajirudia. Nane Nane ni sikukuu, angalia imeangukia siku gani. Ikishikana na wikendi, nendeni na masweta, maana Agosti kule ni baridi. La sivyo ngojeni mazoezi yaishe. Saadani inataka gari na kiingilio ambacho hutozwa kwa kila mtu kwa saa ishirini na nne, na malipo yake si ya fedha taslimu getini. Wewe raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kiwango chako ni nafuu kuliko cha Mjerumani, mradi uonyeshe pasipoti. Hata hivyo gari lenyewe ndilo ghali, na sioni sababu ya wewe kuingia deni kwa ajili ya Saadani mwaka huu.

Hapo tumefika kwenye fedha. Unadhani rafiki yako Mjerumani analipa kwa kuwa anazo. Inawezekana. Inawezekana pia analipa kwa sababu pale getini palikuwa na kimya, na yeye hakujua kimya chetu kinamaanisha nini. Kwetu mtu akikulipia, unajua siku moja utamlipia soda, utampikia, utambebea mzigo, hesabu inakaa wazi kwa miaka bila mtu kuidai. Kwao mara nyingi hesabu hufungwa siku hiyo hiyo. Ninyi wawili mnasoma kitendo kimoja kwa vitabu viwili, na urafiki mchanga huharibikia hapo, kila mmoja akijiona mwema. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Ulinilipia mara mbili, nashukuru, sikusahau. Kuanzia sasa nitasema mapema kama naweza au siwezi." Usiahidi kurudisha fedha ambazo huna. Mpikie matoke Jumapili ya kubaki mjini, tena mwambie kwamba ndiyo shukrani yako, asije akadhani ni chakula tu.

Kwa safari zijazo, gharama isemwe Jumatano, yote, mbele ya wote: nauli, kiingilio, boti, chakula, na kidogo cha dharura. Boti hukodishwa nzima, hivyo mkiongezeka watu mchango wa kila mmoja unapungua, lakini msiongezeke kupita uwezo wa chombo. Anayeweza atatoa mchango wake Alhamisi kwa mtu mmoja mnayemwamini. Asiyeweza ataagana nao vizuri, naye asiulizwe mara ya pili. Weka kando nauli ya kukurudisha peke yako, mahali ambapo hata wewe huigusi. Hiyo ndiyo inayokupa uhuru wa kusema "mimi narudi" wakati wenzako wanataka kubaki.

Hili nalisema kama mzazi. Hawa umewajua kwa wiki tatu. Huenda ni watu wema kabisa, na kwa ulivyowaeleza naamini hivyo. Lakini tabia ya mtu huonekana gari likiharibika, mvua ikinyesha, chumba kikikosekana. Kwa hiyo safari za kutwa zitangulie nyingi kabla ya za kulala. Mkilala, mlango wa chumba cha wasichana ufungwe kwa ndani, na mlijue hilo kabla ya kufika. Mtu mmoja asiye kwenye safari, mama mwenye nyumba au mwalimu mwenzako, ajue mnakwenda wapi, na nahodha au dereva ni nani. Na kumbuka Tanga ni jiji ambalo watu wanajuana. Ukiwa ufukweni Raskazone Jumamosi, kuna mwanafunzi wako pale, au shangazi yake. Sikuambii ujifiche, furahi tu, lakini ujue bado unaitwa Mwalimu.

Makaratasi nitayapitia haraka. Kuingia Tanzania kwako hakuhitaji viza, lakini kufundisha shuleni kuna kibali chake, na chuo chako na shule ndio waliopaswa kukishughulikia. Ijue tarehe iliyogongwa kwenye pasipoti yako. Tembea na pasipoti pamoja na kadi ya homa ya manjano, nakala yake iache nyumbani. Marafiki wakishauri mkalale Mombasa kwa kupitia Horohoro, usivuke kabla hujaenda mwenyewe ofisi ya Uhamiaji hapa Tanga ukauliza kutoka na kurudi kutaathiri nini kwenye kibali chako. Hilo usiulize kwa rafiki. Na ukipata homa wakati wowote wa mazoezi haya, au hata ukisharudi Mbarara, nenda hospitali upimwe malaria siku hiyo hiyo, usinunue dawa kwa kukisia. Umezoea malaria ya kwenu, lakini mwili uliochoka kwa safari hauna subira. Mkienda mito ya bara, msiogelee, hasa kwenye maji yaliyotuama, kwa sababu ya kichocho.

Kama baada ya kupanga hivi vipindi vyako bado vinaanguka, basi tatizo si kutembea, na hapo usinisubiri mimi kwa maandishi. Mwombe msimamizi wako wa chuo akae nyuma ya darasa lako vipindi viwili. Vivyo hivyo ukiona hulali, au unalia bila sababu, au unakwenda na wenzako kwa sababu tu unaogopa kubaki peke yako chumbani. Ugeni una uzito wake, na kuna watu hapa wa kukusikiliza uso kwa uso.

Limebaki la mwalimu wako mlezi. Alikukosea kuuliza mbele ya wenzake, lakini alichokiona alikiona kweli. Ijumaa hii, ukishamaliza maandalio, mfuate akiwa peke yake. Msalimie, mwekee andalio la Jumatatu mezani, umwombe alipitie. Kisha mwambie Jumamosi unataka kwenda Tongoni, na umuulize ni mzee gani wa kule anayeweza kukueleza habari za makaburi yale, na kama yeye mwenyewe angependa mfuatane.